Bustani ya dawa na nyuki (Kolandoto)

Bustani ya dawa na nyuki ni kipande cha ardhi nyumbani kinachopandwa mimea ya tiba ambayo maua yake hulisha nyuki. Kolandoto, kata ya Manispaa ya Shinyanga, kiangazi ni kirefu, hivyo mlonge na mshubiri hufaa. Lakini kivumbasi huipita yote: huota kwa mbegu, majani yake hufukuza mbu, na maua yake hujaa nyuki, mradi yasikatwe mapema kwa tamaa ya majani. Nje ya ua zipo ngitili, hifadhi za malisho za Wasukuma zilizofufuliwa na mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI (1986–2004), zinazotoa dawa na asali. Ndani ya bustani, maji ya mwarobaini hunyunyiziwa wadudu waharibifu jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Mjamzito hapaswi kuyanywa.