Kraków kwa Siku Tatu: Mji wa Watakatifu na Shule ya Imani kwa Familia

Kraków ni mji wa kale ulioko kusini mwa Polandi, kando ya mto Wisła. Kwa karne nyingi ulikuwa makao ya wafalme wa nchi hiyo, hadi Mfalme Sigismund wa Tatu alipohamishia makao yake Warszawa mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17. Wakati Warszawa ilibomolewa karibu yote katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Kraków ulinusurika na makanisa, kasri na nyumba zake za kale. Mwaka 1978 mji wake wa kale, pamoja na mgodi wa chumvi wa Wieliczka, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya kwanza kabisa ya maeneo 12 ya Urithi wa Dunia. Mwaka huohuo, tarehe 16 Oktoba, Askofu Mkuu wa Kraków, Kardinali Karol Wojtyła, alichaguliwa kuwa Khalifa wa Mtakatifu Petro, akajulikana kwa jina la Yohane Paulo wa Pili.

Familia yenye siku chache tu za mapumziko inaweza kuona mengi mjini humo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mambo muhimu hufikiwa kwa miguu. Hata hivyo, wingi wa makanisa na makumbusho unaweza kumchosha mtoto na kumwacha mtu mzima na picha nyingi kwenye simu, lakini moyo mtupu. Makala hii inawapatia wazazi mambo ya msingi kuhusu mahali panapostahili kutembelewa, na kuonesha jinsi kila mahali panavyoweza kuwa somo la imani. Mtalii na mhujaji wanaweza kupita njia ileile. Kinachowatofautisha ni swali wanalokwenda nalo.

Wawel: kilima cha wafalme na shahidi

Ziara huanzia kwa kawaida kwenye kilima cha Wawel, penye kasri la wafalme na Kanisa Kuu la Watakatifu Stanislaus na Wenceslaus. Chini ya kilima kuna sanamu ya joka la Wawel, ambalo hutema moto na kuwafurahisha sana watoto. Masimulizi ya kale yanasema kwamba joka hilo liliutesa mji hadi lilipodanganywa kwa kondoo aliyejazwa kiberiti. Ni hadithi tu, lakini humfungulia mtoto mlango wa kuingia katika historia ya kweli iliyoko juu ya kilima.

Katikati ya Kanisa Kuu kuna altare yenye masalia ya Mtakatifu Stanislaus, Askofu wa Kraków, aliyeuawa mwaka 1079 baada ya kugongana na Mfalme Bolesław wa Pili. Alitangazwa kuwa mtakatifu mwaka 1253. Kila mwaka, mwezi Mei, waamini hufanya maandamano wakiwa na masalia yake kutoka Wawel hadi kanisa la Skałka, mahali ambapo mapokeo yanasema aliuawa. Kwa karne nyingi wafalme walivikwa taji mbele ya kaburi la askofu aliyeuawa na mfalme. Kila aliyepewa mamlaka alikumbushwa kwamba mamlaka yana mipaka.

Humo pia amezikwa Mtakatifu Malkia Jadwiga, aliyefariki dunia mwaka 1399 na kutangazwa mtakatifu na Yohane Paulo wa Pili mjini humo mwaka 1997. Alitoa vito vyake kwa ajili ya kukifufua Chuo Kikuu cha Kraków, kilichoanzishwa mwaka 1364, ambacho leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Jagiellonia. Kaburi lake lilipofunguliwa, fimbo ya kifalme iliyokutwa ndani yake ilikuwa ya mbao. Wazazi wanaojinyima ili walipe ada za watoto wao wataelewa mara moja somo la fimbo hiyo.

Chini ya Kanisa Kuu, katika kikanisa cha Mtakatifu Leonardo, Padre Karol Wojtyła aliadhimisha Misa zake za kwanza tarehe 2 Novemba 1946, siku ya kuwakumbuka Marehemu Wote, akiwaombea wazazi wake na kaka yake, ambao wote walikuwa wamekwisha kufariki dunia.

Uwanja Mkuu na Basilika ya Bikira Maria

Kutoka Wawel, mwendo mfupi kwa miguu hufikisha kwenye Uwanja Mkuu wa Soko, uliopimwa mwaka 1257, wenye upande wa mita 200 hivi. Katikati yake kuna Sukiennice, jengo la kale la wafanyabiashara wa vitambaa. Watoto watafurahia obwarzanek, mkate wa mviringo wenye tundu katikati, unaouzwa kwenye vigari vya barabarani.

Pembeni mwa uwanja kuna Basilika ya Bikira Maria, yenye minara miwili isiyolingana kwa urefu. Hadithi ya kale husema kwamba ilijengwa na ndugu wawili, na mmoja akamuua mwenzake kwa wivu. Hadi leo kisu kinaning'inia Sukiennice kama onyo. Kila saa, tarumbeta hupigwa kutoka mnara mrefu kuelekea pande nne, na wimbo hukatika ghafla. Mapokeo hueleza kwamba mlinzi aliyekuwa akiwaonya watu juu ya uvamizi wa Watatari alichomwa mshale kooni kabla ya kumaliza.

Ndani ya Basilika kuna altare kubwa ya mbao iliyochongwa na Wit Stwosz kati ya mwaka 1477 na 1489, ikionesha kulala kwa Bikira Maria akiwa amezungukwa na Mitume. Wakati wa vita, Wanazi waliipora na kuipeleka Ujerumani. Ikarejeshwa mwaka 1946. Familia itazame nyuso za Mitume: wazee, wenye makunyanzi na mishipa ya mikono, kama mafundi na wakulima tunaowafahamu.

Dębniki: baba aliyepiga magoti

Ng'ambo ya mto, katika mtaa wa Dębniki, kuna nyumba ambamo Karol Wojtyła aliishi na baba yake tangu mwaka 1938. Mama yake alifariki mwaka 1929, na kaka yake mwaka 1932. Baba alifariki Februari 1941, na kijana Karol akabaki peke yake akiwa na umri wa miaka 20. Baadaye, akiwa Papa, alisimulia kwamba alipoamka usiku alimkuta baba yake amepiga magoti akisali, na kwamba nyumba yao ilikuwa seminari yake ya kwanza.

Mwaka 1941 askari wa siri wa Kinazi waliwakamata mapadre Wasalesiani wa parokia hiyo ya Dębniki. Kazi ya kuwalea vijana kiroho ikabaki mikononi mwa walei, akiwemo Jan Tyranowski, fundi cherehani, aliyeunda vikundi vya Rozari Hai. Karol, aliyekuwa akifanya kazi ya kibarua kwenye machimbo ya mawe na kisha katika kiwanda cha Solvay, alikuwa mmoja wa vijana hao. Mwaka 1942 aliingia seminari iliyoendeshwa kwa siri na Askofu Mkuu Adam Stefan Sapieha. Viongozi wa jumuiya ndogondogo na makatekista wanaodhani kazi yao ni ndogo wanaweza kusimama katika mtaa huo na kutafakari: fundi cherehani alimlea Papa.

Łagiewniki: Madhabahu ya Huruma ya Mungu

Kusini mwa mji kuna Łagiewniki, penye nyumba ya Masista wa Mama wa Mungu wa Huruma. Hapo ndipo alipofariki dunia Mtakatifu Faustina Kowalska, tarehe 5 Oktoba 1938, akiwa na umri wa miaka 33. Sista huyu hakufikisha hata miaka mitatu ya shule. Utawani alifanya kazi za jikoni, bustani na kupokea wageni mlangoni. Maskini waliobisha mlangoni na kuombaomba walikutana na mtu ambaye Kristo alikuwa amemkabidhi ujumbe wa Huruma yake kwa ulimwengu.

Katika kikanisa cha masista kuna masalia yake na picha maarufu ya Yesu mwenye Huruma iliyochorwa na Adolf Hyła. Picha ya kwanza kabisa ilichorwa mwaka 1934 mjini Vilnius na Eugeniusz Kazimirowski. Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Sista Faustina kuwa mtakatifu tarehe 30 Aprili 2000, na tarehe 17 Agosti 2002 akaitabaruku Basilika mpya ya Łagiewniki na kuukabidhi ulimwengu kwa Huruma ya Mungu. Siku hiyo alikumbuka kwamba zamani alipita njia hiyo akiwa mfanyakazi wa Solvay, amevaa viatu vya mbao.

Inafaa kupanga kufika kabla ya saa tisa alasiri, Saa ya Huruma. Familia iliyozoea kusali Rozari ya Huruma ya Mungu nyumbani itajikuta ikiungana na mahujaji wa lugha nyingi. Karibu na hapo, kwenye ardhi iliyokuwa ya kiwanda cha Solvay, kuna Madhabahu ya Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, ambamo huhifadhiwa kanzu yake yenye damu ya tarehe 13 Mei 1981, siku alipopigwa risasi.

Wieliczka na Nowa Huta: imani ya wafanyakazi

Wieliczka iko nje kidogo ya Kraków, upande wa kusini-mashariki. Wachimbaji chumvi walikuwa wakishuka ardhini wakiwa hawana uhakika wa kurudi. Kwa hiyo walichonga humohumo mahali pa kusali. Kikanisa cha Mtakatifu Kinga, chenye kina cha takriban mita 100 chini ya ardhi, kilichongwa na wachimbaji wenyewe kwa zaidi ya miaka 60: sakafu, altare, sanamu na hata mapambo ya taa ni chumvi. Ngazi ni nyingi sana na hewa ni baridi. Wazee na watoto wadogo wajiandae.

Nowa Huta, mashariki mwa mji, ilianza kujengwa mwaka 1949 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha chuma. Utawala wa kikomunisti ulikusudia uwe mji usio na Mungu. Aprili 1960 serikali ilipotaka kuuondoa msalaba uliosimikwa mahali palipotengwa kwa ajili ya kanisa, wananchi waliulinda kwa miili yao. Kwa miaka mingi Wojtyła aliadhimisha nao Misa ya usiku wa Noeli uwanjani, katika baridi kali. Hatimaye, tarehe 15 Mei 1977, alilitabaruku kanisa linaloitwa Safina ya Bwana.

Auschwitz: uamuzi wa wazazi

Kilomita zipatazo 65 magharibi mwa Kraków kuna Oświęcim, penye kambi ya mauaji ya Auschwitz-Birkenau. Wanazi waliwaua humo watu wapatao milioni 1.1, takriban milioni moja kati yao wakiwa Wayahudi. Wengi hujiuliza kama inafaa kuwapeleka watoto. Uongozi wa makumbusho haushauri kuwapeleka walio chini ya miaka 14, na ushauri huo ni wa kuheshimiwa. Mzazi asimbebeshe mtoto mzigo ambao moyo wake haujaweza kuubeba. Kwa vijana wakubwa, ziara hii inahitaji maandalizi, ukimya na mazungumzo baadaye. Hakuna malipo ya kuingia, lakini ni lazima kuweka nafasi mapema.

Katika kambi hiyo, mwaka 1941, Padre Maximilian Maria Kolbe alijitolea kufa badala ya Franciszek Gajowniczek, mume na baba wa watoto, aliyekuwa amechaguliwa kufa kwa njaa. Aliuawa kwa sindano ya sumu tarehe 14 Agosti. Gajowniczek alikuwepo Roma tarehe 10 Oktoba 1982 Kolbe alipotangazwa kuwa mtakatifu.

Wenye watoto wadogo wanaweza badala yake kutembelea Kazimierz, mtaa wa kale wa Wayahudi wa Kraków, wenye masinagogi na makaburi yao. Hapo mtoto hujifunza kwanza kwamba watu hawa waliishi, walisali na kulea familia, kabla ya kusikia jinsi walivyoangamizwa.

Mpango mfupi wa siku tatu

Siku ya kwanza: Wawel asubuhi, Uwanja Mkuu na Basilika mchana, kisha Dębniki jioni. Siku ya pili: Wieliczka asubuhi na mapema, kisha Łagiewniki kabla ya saa tisa alasiri. Siku ya tatu: Auschwitz kwa wenye vijana wakubwa, kwa wengine, Kazimierz na Nowa Huta, au Wadowice, alikozaliwa Karol Wojtyła, umbali wa kilomita 50 hivi. Misa Takatifu ipewe nafasi yake kwanza, kisha mengine yapangwe kuizunguka. Mtoto aachiwe muda wa kucheza, maana uchovu hauzai ibada.

Deni la ukarimu

Kwa waamini wa Afrika Mashariki, Polandi si nchi ya mbali kama inavyoonekana. Tangu mwaka 1942, Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na utawala wa Kisovieti, wakapitia Uajemi, walipokelewa katika nchi zetu. Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Makaburi ya waliofariki yapo hadi leo. Huko Nyabyeya, Masindi, nchini Uganda, kanisa walilojenga bado limesimama. Familia inayowasha mshumaa mjini Kraków inaweza kuwaombea marehemu hao waliolala katika udongo wetu, pamoja na wakimbizi wa leo wanaobisha milangoni.

Mwisho wa safari, kila mzazi amwulize mtoto wake ni nani kati ya hawa angependa kuwa rafiki yake: malkia mwenye fimbo ya mbao, sista wa jikoni, fundi cherehani au padre wa Auschwitz. Jibu lake liingizwe katika sala ya familia jioni hiyo, na mtakatifu huyo aendelee kukumbukwa hata baada ya kurudi nyumbani.