Safu ya Lugha: Uhakiki

Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, na ya Nduta wilayani Kibondo, neno uhakiki halihitaji kamusi. Ni foleni: kadi mkononi, jina linaitwa, kidole kinawekwa kwenye mashine, mmoja mmoja hadi orodha iishe. Mwanafunzi wa sekondari wa wilaya hizo hizo analijua kwa maana nyingine, ya kuchambua riwaya na tamthiliya. Asili yake ni Kiarabu, na ni ndugu wa haki na hakika.

Wataalamu wa kompyuta nao wanalihitaji, na kwao ndiko liliko na uzito zaidi. Mwaka 1994 ilibainika kuwa chipu ya Pentium, ya kampuni ya Intel, ikigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727 inatoa 1.33374 badala ya 1.33382. Chipu hiyo ilikuwa imejaribiwa! Lakini kujaribu ni kuonja tu: kupitia jozi zote za namba za biti 32, jozi bilioni moja kila sekunde, kungechukua zaidi ya miaka 580.

Kosa hilo liliigharimu Intel dola milioni 475. Baada ya hapo ikaongeza nguvu katika programu zinazothibitisha, kwa hoja za hisabati, kwamba saketi haikosei kwa namba yoyote ile. Hoja moja inazifikia namba zote kwa pamoja.

Kuiita kazi hiyo "majaribio" ni kuipunja. Walimu na waandishi waiite uhakiki, kwa maana ile ya Nyarugusu na Nduta: orodha nzima, bila kuruka jina.