Nani Alilipa Bili ya Moto? Historia Fupi ya Joto la Nyumbani Usukumani

Kila ifikapo Juni na Julai utawasikia watu wa Bariadi wakilalamikia baridi. Mtu wa Makete au Lushoto akiwasikia atacheka mpaka machozi yamtoke. Lakini tusidharauliane jamani. Bariadi iko kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nchi ni wazi, na upepo wa kipupwe hauna kitu cha kuuzuia. Mchana jua linachoma. Usiku anga haina wingu hata moja, joto lote linapaa, na alfajiri mchunga ng'ombe anatoka zizini kajifunika shuka mbili.

Sasa basi, swali langu ni dogo tu: watu hawa walikuwa wanapataje joto, na gharama yake alikuwa analipa nani?

Shuleni tulikariri Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, tukakariri na majina ya wapelelezi wa Kizungu. Hakuna mwalimu aliyetufundisha historia ya kuni. Wakati historia ya kuni ndiyo historia ya kila siku ya bibi zetu.

Tuanze na nyumba yenyewe. Nyumba ya Msukuma ilikuwa msonge: duara, ukuta mnene wa miti na udongo, paa la nyasi linaloshuka karibu na ardhi, mlango mfupi wa kuinamia, madirisha hakuna au kitundu tu. Ukitaka kuiona, nenda Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na Padri David Clement miaka ya 1950. Wengi wetu tukiiona tunasema "ushamba". Hebu tufikirie kama watu waliosoma fizikia ya kidato cha pili. Udongo mnene unafyonza joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Nyasi zimejaa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Duara lina ukuta mfupi kuliko pembe nne kwa eneo lile lile la sakafu, kwa hiyo joto lina sehemu ndogo ya kutorokea. Ongeza ndama na mbuzi waliokuwa wakilazwa ndani, kila mmoja jiko linalotembea. Nje, wigo wa minyaa kuzunguka kaya unakata upepo.

Halafu kulikuwa na shikome. Huu ni moto wa jioni uani, ambapo wazee na vijana wa kiume walikaa wakiota na kuzungumza. Hapo ndipo kijana alipojifunza ukoo wake, mifugo, vita na methali. Watu wanapenda kuisifia shikome kama chuo kikuu cha Wasukuma, na mimi sibishi. Ila nauliza: kuni za chuo kikuu hicho zilitoka wapi, na nani alizibeba kichwani?

Zamani jibu lilikuwa rahisi kidogo kwa sababu miti ilikuwepo. Halafu historia ikaingilia kati. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno Afrika Mashariki. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu mazingira na uchumi wa eneo hili, alieleza jinsi watu na mifugo walivyopungua na pori likasonga mbele, na pamoja na pori akaja mbung'o. Waingereza walipokamata nchi waliona dawa ya mbung'o ni kufyeka. Shinyanga ikawa kituo kikubwa cha utafiti wa mbung'o chini ya C.F.M. Swynnerton, na kuanzia miaka ya 1920 machifu waliwakusanya watu wao kwa maelfu kwenda kufyeka na kuchoma pori.

Mbung'o alipungua, ng'ombe wakaongezeka, watu wakapata ardhi. Tusiwe wanafiki, faida ilikuwepo. Lakini nyuma ya shoka likaja jembe la pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, na hasa miaka ya 1950 wakati Paul Bomani na wenzake walipojenga vyama vya ushirika vya wakulima, pamba ilisambaa kuelekea mashariki, Maswa na nchi ya Wanyantuzu, yaani Bariadi yenyewe. Fedha ya pamba ilinunua baiskeli, ng'ombe na bati. Miti ikawa kitu cha kuondoa shambani.

Hata hivyo Wasukuma walikuwa na bima yao. Inaitwa ngitili: eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti viote, kisha linafunguliwa kiangazi kikali kwa malisho. Ngitili ilikuwa ya familia au ya jamii, na mzee wa kaya alijua mpaka wake. Kuni, fito, nyasi za kuezekea na dawa vilitoka humo.

Ndipo ikaja operesheni vijiji. Novemba 1973 iliagizwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Kaya zilizokuwa zimetawanyika zikakusanywa pamoja. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, na mimi ni miongoni mwa tuliofaidi shule hizo. Lakini mtu aliyehamishwa aliiacha ngitili yake maili kadhaa nyuma, bila mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe mnajua huwa kinaishaje. Pale kijijini, kaya mamia zikaanza kukata kuni kwenye eneo lile lile.

Hapo bili ilianza kuonekana. Mama aliyekuwa anaokota kuni nyuma ya nyumba sasa anatoka alfajiri na kurudi mchana. Kuni zilipokosekana kabisa, watu walichoma miti ya pamba iliyokauka, mabua ya mahindi na mtama, na mwisho kinyesi cha ng'ombe. Samadi ikiwa jikoni haipo shambani. Kwa hiyo familia ilikuwa inapasha moto ugali wa leo kwa mbolea ya ugali wa mwakani. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kukubali hata kidogo.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alitembelea Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi, na hali aliyoikuta ilimshtua. Mwaka 1986 ukazaliwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Wataalamu walianza kama wataalamu wote: vitalu, miche ya kigeni, amri ya kupanda. Mafanikio makubwa yalikuja walipokubali kuwasikiliza wenyeji na kurudi kwenye ngitili. Visiki na mizizi ilikuwa bado hai chini ya ardhi. Kazi kubwa ilikuwa kuiachia tu iote. Dagashida, yaani mkutano wa jadi wa wananchi, ulipitisha sheria ndogo, na sungusungu wakazisimamia.

Mradi ulipoanza zilihesabika ngitili za takriban hekta 600 tu. Kufikia 2004, mradi ulipofika mwisho, zilikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Watafiti wakiongozwa na Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine walikadiria kwamba faida ya ngitili ilifikia dola 14 kwa mtu kwa mwezi, kiasi kilichozidi wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini. Na mama akaokoa saa kadhaa za kutafuta kuni. Saa hizo hazikuwahi kuandikwa kwenye bajeti yoyote ya serikali.

Leo je? Bariadi tangu 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mji unakua, msonge umeondoka, bati na tofali vimechukua nafasi. Bati lisilo na dari ni tanuri mchana na jokofu usiku. Mjini hakuna anayeokota kuni, tunanunua mkaa, na mkaa huo unatoka kwenye pori la mtu mwingine. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni jambo jema. Ila mtungi wa gesi unapika, hauoti moto mtu, na kuwasha hita kwa LUKU usiku kucha ni wachache wanaoweza. Ndiyo maana kipupwe kikija kuna watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Tafadhali sana, msifanye hivyo. Ile hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na imeshazika familia nzima.

Ninachokiona katika historia hii ni kwamba moto wa bure haujawahi kuwepo. Bili ilikuwa inahamishwa tu: kutoka msituni kwenda kichwani kwa mama, kutoka kwa mama kwenda kwenye rutuba ya shamba, na sasa kwenye mfuko wa mpangaji mjini na pori la kijiji cha jirani. Kila aliyepanga sera alikuwa ameota moto wake tayari.

Kwa hiyo kabla ya kununua hita tuanze na nyumba. Weka dari, ziba upenyo kati ya ukuta na bati lakini acha tundu la hewa, panda mti upande wa upepo. Na wasanifu wetu vijana wanaotoka chuoni na ramani za nyumba za vioo, wapitie Bujora kidogo. Si lazima warudishe msonge. Waulize tu kwa nini babu alijenga vile.

Nawasilisha.