Ukoo wa Courtenay na taji la Ufaransa

Katika karne ya 12 Pierre, mtoto mdogo wa Mfalme Louis VI wa Ufaransa, alifanya jambo ambalo mwanamume wa ukoo mkubwa hulifikiria mara mbili: alichukua jina na nembo ya ukweni. Mkewe Élisabeth alikuwa mrithi wa Courtenay, na kizazi chao chote kikaitwa hivyo.

Mwanzoni hawakupata hasara. Mwanawe, naye Pierre, alivikwa taji la Constantinople akiwa Roma mwaka 1217, ingawa alitekwa njiani na hakukifikia kiti chake. Mjukuu, Baudouin II, aliyetawala huko, alifilisika hata taji la miiba lililoaminiwa kuwa la Yesu likaishia kwa Louis IX mwaka 1239. Mwaka 1261 akapoteza na mji wenyewe.

Waliobaki Ufaransa wakawa mabwana wa mashambani tu, hadi mwaka 1589 Henri III alipouawa bila mtoto. Kiti kikamwendea Henri wa Navarre (Henri IV), ambaye kuumeni alikutana na marehemu kwa Louis IX, aliyefariki mwaka 1270. Akina Courtenay wakapiga hesabu. Ikiwa umbali haufuti haki, basi nao walikuwa wana wa mfalme. Kuanzia 1603 walimwomba Henri IV, kisha Louis XIII, kisha Louis XIV. Hawakudai kiti, walitaka watambuliwe kuwa wanawafalme wa damu, yaani wa ukoo wenye haki ya kurithi. Maombi yakapokewa, yakawekwa.

Wangeweza kutambuliwa? Mwandishi Saint-Simon, ambaye hakukosa umbea wa ikulu, anasimulia kwamba Kardinali Mazarin, waziri mkuu wa Louis XIV, alitaka kumwoza kijana Louis-Charles de Courtenay mmoja wa wapwa zake na kumpandisha hadi cheo hicho. Akamchukua katika gari lake la farasi safarini kwenda Saint-Jean-de-Luz, apate kumpima. Kijana akapendelea kucheza na watumishi wadogo. Kardinali akaachana na wazo hilo.

Tuseme angetulia, akaongea kama mtu mzima. Mali ya Mazarin ingeufufua ukoo, lakini taji lisingewafikia: akina Bourbon, ukoo wa Henri IV, walikuwa wengi mno mbele yao. Tofauti ingeonekana mwaka 1714, Louis XIV alipoamuru wanawe wa nje ya ndoa warithi endapo wanawafalme halali wangekwisha. Ingembidi awaruke hadharani watu ambao serikali yake imekwisha kuwakubali. Amri hiyo ilifutwa mwaka 1717, ikatamkwa kwamba ukoo wa Bourbon ukikatika, taifa lenyewe litachagua mfalme. Kwa maoni yangu tamko hilo lisingeandikwa, maana baada ya akina Bourbon wangefuata akina Courtenay. Wazo kwamba taji ni la taifa kutoa lingekosa nafasi ya kuingia katika sheria ya Ufaransa miaka 72 kabla ya Mapinduzi.

Mwanamume wa mwisho wa ukoo, abati Roger de Courtenay, alifariki mwaka 1733. Miaka minne baadaye mahakama kuu ya Paris iliamuru mpwa wake Hélène afutiwe cheo cha binti wa damu ya kifalme ya Ufaransa.