Foleni ya Uchapishaji na Kisimamizi Chake

Printa ya ofisini ikigoma, kila mtu huishughulikia printa yenyewe. Trei inavutwa, karatasi zinatolewa na kurudishwa, katriji ya tona inatikiswa, waya wa umeme unachomolewa na kuchomekwa tena. Taa ya kijani inawaka, hakuna karatasi iliyonasa, na bado hakuna kinachotoka. Hali ikiwa hivyo, mara nyingi tatizo liko kwenye kompyuta, katika sehemu mbili ambazo Kiingereza huziita print queue na print spooler. Kwa Kiswahili tumezoea kuzichanganya, na mchanganyo huo huwafanya watu watafute kosa pasipo na kosa.

Ya kwanza haina taabu: foleni ya uchapishaji. Kenya wengi wangesema mlolongo, ingawa neno hilo bado linawakumbusha watu uchaguzi wa 1988, wapiga kura walipopangwa mistari badala ya kupiga kura ya siri. Foleni inaeleweka kote, na hapa inabeba maana kamili: nyaraka zimejipanga, wa mbele ndiye anayehudumiwa.

Ya pili, print spooler, ndiyo ngumu. Spool ni kigurudumu cha kuzungushia uzi au utepe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kompyuta kubwa kama IBM 7090 zilikuwa ghali mno kusubiri printa imalize kazi. Matokeo yaliandikwa kwenye utepe wa sumaku, kisha utepe ukapelekwa kwenye mashine ndogo, IBM 1401, ambayo printa yake ya 1403 ilichapa mistari 600 kwa dakika. Kompyuta kubwa nayo iliendelea na hesabu nyingine. Utepe umetoweka, ila utaratibu ni uleule. Unapoamuru waraka uchapwe, programu moja hupokea waraka huo, huuhifadhi kwenye diski, hukuachia uendelee na kazi yako, kisha huilisha printa kwa mwendo ambao printa inaumudu.

Tungeweza kuliswahilisha neno likawa spula, lakini msikilizaji asingejua lolote zaidi ya aliyojua kabla. Napendekeza kisimamizi cha foleni. Kiambishi ki- kinaonyesha kwamba hiki ni chombo, si mtu, kama tulivyotenga kichapishi na mchapishaji. Na jina lenyewe linasema kazi: kuna foleni, na kuna kinachoisimamia.

Tofauti hiyo ndiyo inayomwongoza fundi. Waraka wa mbele ukiharibika, foleni nzima husimama nyuma yake, na kila anayebonyeza amri ya kuchapa tena anaongeza waraka mwingine kwenye msongamano. Ndiyo maana printa ikikwamuka hutapika nakala tano za barua moja. Fungua foleni kwanza. Tazama kama imesitishwa, kama printa imewekwa nje ya mtandao, kama waraka umetumwa kwa printa ya chumba kingine. Futa ule wa mbele. Pengine kosa ni anwani: umeme ulikatika, ruta ikaipa printa anwani mpya ya IP, nayo kompyuta inaendelea kutuma kwenye ile ya zamani. Dawa ya kudumu ni kuitengea printa anwani isiyobadilika.

Waraka ukikataa kufutika, kisimamizi chenyewe ndicho kilichokwama. Kwenye Windows, fungua services.msc, simamisha Print Spooler, nenda kwenye folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS na ufute faili zilizomo. Zile za SPL hubeba waraka, za SHD hubeba maelezo ya kazi. Kisha anzisha huduma upya. Kama hiyo ni seva inayotumiwa na ofisi nzima, waarifu wenzako kabla ya kufuta, kwa sababu nyaraka zao nazo zitaondoka. Kwenye Mac na Linux kazi ya kisimamizi hufanywa na programu iitwayo CUPS.

Haja ya kuwa na istilahi inayoeleweka ilionekana wazi mwaka 2021, ulipogunduliwa udhaifu wa kiusalama ulioitwa PrintNightmare. Udhaifu huo ulikuwa ndani ya kisimamizi hiki, na kabla kirekebisho hakijatoka, ushauri mmoja wa Microsoft ulikuwa kukizima. Mhudumu wa ofisi aliyejua printa na tona tu asingeelewa anaambiwa azime nini.

Wanaotunga kamusi za kompyuta waziingize istilahi hizi mbili kwa vidahizo tofauti. Na wewe unayebandika maelekezo ukutani juu ya printa ya ofisi yako, andika mstari wa kwanza hivi: fungua foleni ya uchapishaji. Tona ifuate baadaye.