Kiti alichonyimwa Ralph Nader

Tarehe 28 Aprili 1972, dakika kama tano kabla ya ndege kuondoka, Ralph Nader alifika kaunta ya Allegheny Airlines mjini Washington na tiketi ya kwenda Hartford, alikosubiriwa kwenye mkutano wa hadhara saa sita mchana. Akaambiwa ndege imejaa. Viti vilikuwa 100. Waliothibitishiwa nafasi, 107.

Nader, mtetezi wa wateja aliyekwisha kuwatoa jasho watengenezaji wa magari, aliomba abiria waliokwisha kupanda waulizwe kama yupo wa kumwachia kiti. Alikataliwa. Fidia ya dola 32.41 hakuitaka, akapanda ndege ya Boston, kisha akashitaki.

Allegheny haikuwa peke yake. Mashirika yalijua kwamba wapo wanaoweka nafasi wasitokee, na kiti kikiruka kitupu hasara yake hairudi. Basi yaliuza ziada na kuomba Mungu. Hoja ya Nader ilikuwa kwamba abiria hakuambiwa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba dai lake la udanganyifu lina haki ya kusikilizwa.

Dawa ilikuwapo tangu 1968. Mchumi Julian Simon alipendekeza kila abiria aandike kiasi ambacho angeridhika kulipwa ili asubiri ndege nyingine. Wenye madai madogo ndio wabaki. Wakubwa wa mashirika waliona ni mzaha. Mwaka 1977 Alfred Kahn, naye mchumi, akakabidhiwa bodi iliyosimamia usafiri wa anga, na mwaka uliofuata kanuni ikatoka: kabla ya kumwacha mtu kwa lazima, tafuteni kwanza wa kujitolea. Lile lile ombi la Nader.

Kanuni haikuzuia ubahili. Tarehe 9 Aprili 2017, Chicago, abiria wa United Express wa kwenda Louisville walikuwa wameshakaa pale kampuni ilipotaka viti vinne kwa wafanyakazi wake. Dau lilipanda hadi dola 800, likakwama. Wakateuliwa wanne, mmoja akagoma, na maofisa wa usalama wakamburuta huku simu zikirekodi. Kwa maoni yangu mnada ulikatizwa kabla ya kufika bei yake, maana kila mtu ana kiasi kitakachomnyanyua kitini. Kabla ya mwezi kwisha United ilitangaza kwamba sasa dau linaweza kufika dola 10,000. Delta ilikuwa imeshatangulia na 9,950.