Mtaji wa Watu

Fundi wa kuchomelea vyuma pale Kariobangi Light Industries, Nairobi, akiibiwa mashine, aweza kukopa akanunua nyingine. Macho yake yakiharibiwa na cheche, hakuna duka la kwenda. Macho hayo, ujuzi wake, miaka aliyokaa darasani na ile aliyoshika kazi chini ya fundi mkuu, wanauchumi huyaita yote mtaji wa watu. Ni mtaji kwa kuwa uligharimu pesa na muda, na unaleta kipato miaka mingi baadaye. Ila hautenganishwi na mwenyewe. Hauuzwi, wala benki haiupokei kuwa dhamana, na ndiyo maana familia maskini hukosa mkopo wa kusomesha mtoto hata akiwa na kipaji.

Mwanauchumi Theodore Schultz aliitetea dhana hii mwaka 1961, Gary Becker akaiandikia kitabu mwaka 1964. Mwaka 1972 Michael Grossman akaeleza kuwa afya nayo ni akiba, huchakaa kwa umri na hujazwa kwa lishe na matibabu.

Kwa Kiswahili wengi huandika rasilimali watu. Siafiki. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu na hapo zamani lilimaanisha mtaji hasa, lakini leo tukisikia rasilimali tunafikiria misitu, madini na mafuta, vitu vilivyokutwa vipo. Tena waajiri wameshalichukua. Idara ya rasilimali watu ndiyo inayoajiri na kuachisha kazi. Mtaji unajulikana na kila mchuuzi wa soko la Gikomba. Hauokotwi. Kuna mtu aliyeuweka, na usipotunzwa unakatika. Neno hilo linatulazimisha kuuliza nani ameweka nini ndani ya mtoto huyu, na lini.

Ingia kliniki ya watoto Dandora au Kayole. Mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, nesi anatia nukta katika kijitabu cha mama na mtoto, kisha anaiunganisha na ya mwezi uliopita. Nukta zikizidi kushuka, mama anaulizwa mtoto anakula nini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kimo kilichopotea utotoni ni vigumu kukirudisha, na mara nyingi uwezo wa kujifunza huathirika pamoja nacho.

Profesa Germano Mwabu wa Chuo Kikuu cha Nairobi amejenga taaluma yake katika maswali haya ya afya na mtaji wa watu. Serikali ilianza kutoza ada za matibabu Desemba 1989, kwa jina la kuchangia gharama. Yeye na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba wagonjwa katika kliniki za umma walipungua karibu nusu, wakarejea ada ziliposimamishwa. Baadaye zilirudishwa. Mwaka 2004 zilishushwa hadi shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya, zikafutwa katika ngazi hizo mwaka 2013. Katika vitabu vya serikali ada zile zilikuwa mapato. Kwa kweli tulikuwa tunakula mtaji.

Hadi leo bajeti huweka mshahara wa nesi kwenye matumizi ya kawaida na barabara kwenye maendeleo. Wahariri wa habari za bajeti, andikeni mtaji wa watu, kisha mwulizeni waziri ameongeza kiasi gani.